Mto wa Vifungo Vitano

Jora la kitambaa cha rangi ya ndimu lilimponyoka mwenyewe mlangoni pa jengo la maduka ya vitambaa, saa tano asubuhi, wakati watu wanaingia na kutoka kama siafu. Likajikunjua. Likapita katikati ya miguu ya watu, likashuka mteremko wa saruji ulio pembeni ya ngazi, likaenda kujiviringisha kwenye gurudumu la kiti cha mwanamume aliyekuwa anapanda.

"Usivute!" mwanamume akasema.

Mwanamke alikuwa tayari ameshika ncha nyingine, amejiandaa kuvuta. Alivaa gauni la bluu lenye mikono mipana, na futi ya kupimia ikining'inia shingoni kama mkufu.

"Nisipovuta kitafika barabarani, kaka yangu."

"Ukivuta kitachanika, na mimi nitapinduka. Utakuwa na kesi mbili."

Alilirudisha gurudumu nyuma robo mzunguko, akafungua mkunjo mmoja. Robo nyingine, mkunjo wa pili. Watu walipita pembeni wakisonya, naye hakuwa na haraka. Alikifungua kitambaa kama mtu anayemvua mtoto soksi. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi vizuri, na mikononi alivaa glavu za ngozi zisizo na vidole.

"Kimeingia mafuta kidogo hapa," alisema akimkabidhi. "Nisamehe. Ni mafuta ya cherehani, yanatoka kwa sabuni."

"Wewe ni fundi cherehani?"

"Ghorofa ya chini, mlango wa mwisho. Na cherehani yako inaruka."

"Hata hujaiona cherehani yangu!"

"Nimeona pindo la gauni lako. Kila baada ya mishono minane, mmoja haupo."

Mwanamke akainama kutazama pindo, kisha akamkazia macho. "Kumbe kazi yako ni kukagua mapindo ya wanawake barabarani?"

"Macho yangu yako usawa huo, dada. Si kosa langu."

Akacheka mpaka jora likataka kumponyoka tena.

Kesho yake alipeleka cherehani. Ilipopona, alipeleka mkasi.

"Mimi sinoi mikasi," Fundi akamwambia.

"Sijasema uunoe. Nimesema uutazame."

Fundi akaanza kumwita Ndimu, kwa sababu ya lile jora. Yeye alimwita Fundi, kama kila mtu, ila alilitamka taratibu kuliko wateja wengine. Duka la Ndimu la mapazia lilikuwa mtaa wa pili, na mguu wake ukazoea njia. Alipenda kukaa pale kwa Fundi. Meza ilikuwa imekatwa miguu ili kiti kiingie chini yake, bisibisi zimetundikwa kwa ukubwa, kila kitu kwenye usawa wa mkono. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Simu ya Fundi ililia kila nusu saa. Akisikia, Fundi aliweka kazi chini, akashika pande mbili za kiti, akajiinua mikono ikiwa imenyooka, akahesabu kimya, akashuka, akaendelea na kazi.

"Nani huyo anayekupigia kila nusu saa?" Ndimu aliuliza siku ya nne. "Halafu hupokei."

"Makalio yangu."

"Eti nini?"

"Yanaomba hewa. Kuanzia hapa kitovuni kwenda chini sisikii kitu. Wewe ukikaa vibaya mwili unakwambia, unajisogeza bila hata kujua. Wangu umenyamaza miaka tisa sasa. Kwa hiyo simu inausemea."

"Na usipoinuka?"

"Natoboka. Kidonda cha kukalia. Kinaanza alama nyekundu tu. Ukikidharau kinafika mfupani." Alisema kama mtu anayeeleza jinsi ya kutia mashine mafuta.

"Ulianguka?"

"Kwenye ngazi. Nilikuwa natundika bango la duka. Bango lilibaki juu, mimi nikashuka. Uti wa mgongo ukaumia."

Ndimu hakusema pole. Alitoa simu yake mkobani. "Imelia saa nne na nusu, siyo? Na yangu nitaitega hivyo hivyo. Ukisahau, mmoja wetu atakuwa amekumbuka."

Ikawa hivyo kwa miezi mitano. Simu zao zililia pamoja, mtaa huu na ule, na mara nyingi Ndimu alipiga baada ya hapo.

"Umeinuka, mpenzi?"

"Nimeinuka."

"Sijasikia ukiguna."

"Siku hizi siguni. Nina misuli, uliza watu."

Siku moja Ndimu alimshika goti, mguu ukaruka wenyewe juu ya kikanyagio. Ndimu akashtuka.

"Nimekusisimua?"

"Mguu huo hauna adabu, unacheza hata nesi akiushika." Fundi aliurudisha mguu mahali pake kwa mikono miwili. "Lakini moyo nao umecheza. Huo nesi hajawahi kuuchezesha."

Lakini kulikuwa na kitu ambacho Fundi hakumwonyesha. Asubuhi na jioni, kabla ya kuvaa na baada ya kuvua, alilala ubavu, akachukua kioo chenye mpini mrefu, akakagua ngozi asiyoisikia, inchi kwa inchi. Kisha mpira wa mkojo, kisha kuoga kwenye benchi, kisha ubao wa kuhamia kitini. Saa moja na nusu kila asubuhi. Utaratibu huo ndio uliompa miaka tisa bila kulazwa, na aliujivunia. Hata hivyo alitaka Ndimu ampende kuanzia mezani kwenda juu, kama anavyopendwa mtangazaji wa habari.

Ndimu naye alipenda kwa mikono. "Huo mto wako mweusi unafanana na gunia la makaa," alimwambia. Akajifungia dukani jioni tatu. Siku ya nne, Jumanne, akaja na mto mpya wa kukalia, uliotokana na kile kitambaa cha siku ya kwanza. Ulikuwa mnene, kingo zimenyooka, na juu yake vifungo vitano vilivyovishwa kitambaa hicho hicho, vimezamishwa ndani kimoja kimoja.

Fundi aliutazama. Alijua kanuni: mto mpya haukaliwi siku nzima, na wenye vifungo haukaliwi kabisa. Kisha akautazama uso wa Ndimu.

"Mzuri mno," alisema.

Jumatano jioni kioo kilimwonyesha alama nyekundu. Ilikuwa duara, ukubwa wa kifungo.

Alhamisi alikalia mto ule ule. Ijumaa pia. Jumamosi ngozi ikafunguka.

Na Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kwa mama yake Ndimu, mwalimu mstaafu, mjane, mwenye nyumba yenye ngazi mbili mlangoni. Ndimu alikuwa ameshaleta mwashi amwage mteremko wa saruji.

"Mteremko wa nini?" mama alikuwa ameuliza. "Mimi bado napanda ngazi."

"Wa mgeni."

"Mgeni gani huyo anatanguliza barabara?"

Jumapili hiyo mama alivaa kitambaa chake cha kichwa cha zambarau. Sahani zilipangwa, chakula kikapoa, kikapashwa moto, kikapoa tena. Saa kumi, simu ya Ndimu ikapokea ujumbe: *Samahani. Nimepata shughuli. Naomba tupumzike kwanza.*

Alipiga, haikupokelewa. Jumatatu alikuta duka limefungwa. Alikwenda nyumbani kwake. Dada mkubwa wa Fundi, aliyeishi naye, alisimama kwenye geti kama mlinzi.

"Hayupo, mdogo wangu," alisema akitazama chini.

"Amekwenda wapi, dada?"

"Hayupo tu."

Aliporudi kwao, mama yake alikuwa amepanga vyungu sita vya maua juu ya mteremko. "Saruji isikae bure," alisema.

Fundi alikuwa hatua ishirini kutoka kwenye lile geti, amelala kifudifudi, na sauti ya Ndimu aliisikia yote.

"Wiki sita mpaka saba," nesi alikuwa amesema. "Tumbo chini. Ukikaa hata kwa kula, tunaanza upya."

Alimwapisha dada yake. "Akijua ni mto wake atajichukia. Bora anichukie mimi."

"Wewe una akili kweli? Mtu amepika, amekusubiri!"

"Apa, dada."

Dada akaapa, akatoka akibamiza mlango.

Siku zilikuwa ndefu. Aliijua sakafu ya chumba kile ufa kwa ufa. Simu ililia kila nusu saa kama kawaida, ingawa hakuwa na cha kuinua.

"Si uizime?" dada yake alisema. "Umelala, unainuka nini?"

"Iache."

Alipoisikia alifumba macho. Kwa sekunde chache kitu kile kile kilikuwa kinalia mtaa wa pili, kama Ndimu hajakizima. Pengine alikuwa amekizima. Aliogopa kuliwaza hilo, na aliliwaza mara thelathini kwa siku.

Ndimu hakuwa amekizima. Alikuwa amefuta namba ya Fundi, halafu akagundua anaikumbuka kwa kichwa. Alikuwa amewaambia wateja kwamba hajambo. Lakini nusu saa ilipofika, mikono yake iliacha kitambaa, ikashika kigoda, ikamwinua. Alijiambia ni mgongo.

Wiki ya nne, jua la mchana lilianza kupenya dirishani na kumwangukia Fundi kisogoni. Dada yake akatoka kutafuta pazia. Maduka ya mapazia yalikuwa mengi, na moja lilikuwa karibu zaidi. Akalipita, akaingia kwa Ndimu.

"Karibu, dada," Ndimu alisema kwa sauti ya kibiashara. "Dirisha la chumba gani?"

"Chumba tu."

"Upana?"

"Mita moja na nusu."

Ndimu aliandika bila kuinua macho. Simu ikalia. Akaweka kalamu chini, akashika kigoda pande mbili, akajiinua mikono imenyooka, midomo ikihesabu, akashuka, akachukua kalamu.

Dada mkubwa alikuwa ameshika shavu.

"Unafanya nini?"

"Mgongo unanisumbua."

"Mgongo wangu mimi! Nusu saa kule, nusu saa huku, mtaniua nyie watu!" Alikaa juu ya rundo la vitambaa bila kukaribishwa. "Chukua mkoba wako. Niliapa. Nitatubu mwenyewe."

Akamweleza yote njiani, tangu kile kifungo.

Fundi alikuwa amelaza kidevu ukingoni mwa kitanda, mikono chini, akisafisha kichwa cha cherehani kilichokuwa juu ya gazeti sakafuni. Aliona viatu vya njano vikiingia. Alivijua.

"Dada," alisema kwa uchungu, "uliapa."

"Niko jikoni!" dada akajibu kutoka mbali.

Ndimu alisimama. Kutoka pale alipokuwa hakuweza kuuona uso wa Fundi, na Fundi hakuweza kuuinua. Akausogeza ule mtambo pembeni, akalala chali sakafuni, kichwa chini ya kichwa chake. Hapo wakatazamana.

"Gauni lako litaingia mafuta," Fundi akasema.

"Yanatoka kwa sabuni. Ile alama uliiona lini?"

"Jumatano."

"Ukaikalia mpaka lini?"

"Jumamosi."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unapita saa nane mchana. Ulikuwa unautazama mto kabla hujanitazama mimi. Nikasema siku moja zaidi. Kesho yake nikasema hivyo tena."

"Kwa hiyo ulinifanya nikutoboe kwa mikono yangu mwenyewe. Halafu ukaninyima hata nafasi ya kusema pole."

"Sikutaka ujichukie."

"Mimi nashona mapazia, Fundi. Mteja akiniambia limekuwa fupi, nalifumua mbele yake, nashona upya. Hakuna aliyekufa. Wewe umenionea huruma. Nani alikuomba huruma? Wewe unajua kuliko mtu yeyote inavyochosha."

Jua lilikuwa limefika kwenye bega la Fundi.

"Najua," alisema. "Nimekosa, Ndimu."

"Uko wapi huo mto?"

"Kabatini."

Aliutoa. Aliweka kiganja juu ya kifungo cha katikati, akakilalia kwa uzito wake wote, muda mrefu. Alipoinua mkono, duara lilikuwa limebaki katikati ya kiganja, jekundu, na kingo zake zimechorwa sawasawa. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili. Alilia amesimama, bila sauti, kisha akafuta uso, akatoa mkasi mkobani, ule ule, akafumua vifungo vyote vitano, kimoja kimoja.

"Mkasi butu huo," Fundi alisema kutoka kitandani.

"Nilikwambia uutazame."

Alirudi sakafuni. "Na kingine. Dada kaniambia kuna kioo."

"Dada ana mdomo."

"Nionyeshe."

"Si kitu kizuri kukiona."

"Sijauliza kama ni kizuri."

Fundi akaingiza mkono chini ya mto wa kichwani, akatoa kioo, akakinyoosha chini mpini ukiwa mbele. "Nesi anafungua bandeji saa kumi na moja. Na nimejikagua mwenyewe miaka tisa."

"Utaendelea kujikagua. Mimi ni jicho la pili, sikuja kuwa bosi."

Saa kumi na moja alishika kioo. Fundi aliufunika uso kwa mkono.

"Ni kikubwa kuliko kifungo," Ndimu alisema baada ya kutazama vizuri.

"Kilikuwa kikubwa zaidi."

"Basi kinapungua. Toa mkono usoni, unanifanya nicheke."

Wiki ya saba iliisha. Nesi alimruhusu kukaa nusu saa kwa siku, kwenye mto mweusi, na asizidishe hata dakika. Dada alidhani ataota jua uani. Fundi alivaa shati jeupe.

"Kwa mama yako ni dakika ngapi?"

"Kumi kwenda," Ndimu alisema, "kumi kurudi."

"Zinabaki kumi. Zinatosha."

Walifika wakakuta vyungu sita bado viko juu ya mteremko, na mama yuko mlangoni amekunja mikono.

"Huyu ndiye mgeni mwenye barabara."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa wiki saba."

"Nimechelewa, mama. Na nina dakika kumi tu, nimekatazwa kukaa zaidi."

"Wiki saba nimesubiri, unaniletea dakika."

Ndimu akainama kushika chungu.

"Acha. Niliviweka mwenyewe." Mama akanyanyua cha kwanza, akakiweka pembeni, akakigeuza maua yaelekee jua. Hakuwa na haraka hata kidogo. "Nani anakupikia?"

"Najipikia. Jiko langu fupi kama mimi."

Cha pili. "Nani anakuogesha?"

"Naoga mwenyewe, mama."

Cha tatu. "Kazi?"

"Ipo. Cherehani za mtaa mzima zinanisubiri."

Cha nne alikishika bila kukinyanyua. "Ukiumwa utamwambia binti yangu, au atasikia tena kwa dada yako?"

Fundi hakukimbilia kujibu. Dakika ikapita, katika zile alizokuwa nazo.

"Nitamwambia siku hiyo hiyo. Ya Jumatano nitaisema Jumatano."

Mama alinyanyua cha nne. Cha tano na cha sita alivitoa bila kuuliza kitu. Fundi akapanda kwa nguvu za mikono yake, akaingia sebuleni, magurudumu yakaacha mistari miwili kwenye sakafu iliyopigwa deki.

"Karibu ukae," mama akasema kwa mazoea.

"Nimekaa tangu nilipotoka nyumbani."

Kona ya mdomo wa mama ilitikisika.

"Mama, nimekuja kwa jambo moja," Fundi alisema. "Namwomba binti yako. Simwombi aniuguze. Namwomba tuishi."

Simu mbili zikalia pamoja.

"Pokeeni," mama akasema.

"Si za kupokea, mama," Ndimu akajibu. "Dakika zake kumi zimekwisha."

"Basi nenda ukalale, baba. Mimi sijibu mambo makubwa kwa kengele."

Fundi alirudi peke yake, kama alivyotaka, akisukuma magurudumu kwa kipimo kile kile cha dakika kumi mpaka geti la nyumbani. Alilala kifudifudi. Alichukua kioo, akakagua. Kisha akaweka simu sakafuni, chini ya uso wake, akaitazama. Jua lilihama kutoka ukutani hadi kwenye pazia jipya. Simu ililia kengele ya nusu saa, si Ndimu. Ikalia ya nusu saa nyingine. Ya tatu ilikuwa yeye.

"Umejikagua?"

"Hakuna alama. Anasemaje?"

"Hajasema kitu."

"Kabisa?"

"Ameosha vyombo. Amepiga deki upya. Mimi nimekaa tu namtazama."

Fundi alifumba macho. "Vyungu vile, Ndimu. Amevirudisha?"

Upande wa pili kukasikika kitu kizito kikiburutwa juu ya saruji, na mtu mzima akihema.

"Anavipeleka nyuma ya nyumba," Ndimu alisema, sauti imepungua. "Kimoja kimoja, hataki nimsaidie. Anakuuliza jambo moja tu."

"Lipi?"

"Kama maua yake yatastahimili kivuli."